Flashi Inapoishiwa Pumzi Harusini

Chukua wapiga picha wawili wenye flashi za aina moja na betri za aina moja. Mmoja anamaliza harusi nzima kwa seti mbili za betri na ya tatu inarudi nyumbani haijaguswa. Mwenzake, muziki unapoanza, ameshakula seti nne, na flashi inawaka pale inapotaka yenyewe. Ukihesabu picha zao huenda zikakaribiana. Basi betri zimekwenda wapi?

Zimekwenda kwenye ukubwa wa kila mmweko. Hilo ndilo jambo ambalo mazungumzo mengi kuhusu betri huliruka. Tunaulizana betri gani nzuri, chaja gani nzuri, ya bei gani, wakati sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya kamera: ISO uliyoweka (wepesi wa kamera kunasa mwanga), tundu la lenzi, kasi ya shata (pazia linalofunguka na kufungwa kupiga picha), na upande uliougeuzia kichwa cha flashi. Betri nzuri inasaidia, nami nitafika huko. Lakini anayepiga kila picha kwa nguvu kamili hatapata betri ya kumtosha.

Kinachofanyika ndani ya flashi

Mwanga wa flashi hutoka kwenye kimirija cha kioo chenye gesi ya xenoni. Kimirija hicho hakiwezi kuwashwa na betri moja kwa moja. Betri nne za AA za kuchaji, zikiungwa kwa mfululizo, hutoa takriban volti 4.8, na xenoni inataka mamia ya volti. Kwa hiyo katikati kuna sakiti ya kupandisha volteji, ndiyo ile unayoisikia ikitoa mluzi mwembamba baada ya kupiga, na kuna kapasita, yaani kifaa cha kutunza umeme, inayojazwa hadi volti 300 na ushee. Kapasita ndiyo inayofyatua. Betri kazi yake ni kuijaza tena. Ni kama pipa lililo chini ya bomba jembamba: maji yote unaweza kuyamwaga kwa mpigo mmoja, ila kulijaza upya utasubiri.

Subira hiyo ndiyo inayotuumiza. Flashi ya kawaida ya kuvaa juu ya kamera, ikipigwa kwa nguvu kamili na betri nzima, huhitaji sekunde mbili hadi tatu kujaa tena. Betri zikichoka huwa sekunde tano, nane, kumi. Ndani ya sekunde nane bibi harusi ameshaingia, ameshakaa, na shangwe zimekwisha.

Sasa sikiliza sehemu yenye faida. Flashi za kisasa zina swichi ya kielektroniki inayokata mmweko kabla kapasita haijamwagika yote. Ukiweka nguvu ya 1/8, kapasita inatoa sehemu moja tu ya nane, na saba zinabaki humo ndani zikisubiri picha inayofuata. Betri inadaiwa ile moja tu. Ndiyo maana kwa 1/8 au 1/16 flashi huonekana kama haisubiri kabisa, na unaweza kufyatua fremu tatu nne mfululizo zote zikawa na mwanga sawa. Kwa nguvu kamili fremu ya kwanza itang'aa na zinazofuata zitakuwa giza.

Hesabu yake haitishi. Betri nne za volti 1.2 na ujazo wa 2000 mAh (miliampea-saa) zimebeba wati-saa 9.6. Kila wati-saa ni jouli 3600, kwa hiyo jumla ni kama jouli 34,500. Flashi kubwa ya juu ya kamera hutumia jouli 70 hivi kwa mmweko kamili. Ukigawanya unapata karibu 490, lakini kiasi kikubwa hupotea kuwa joto kwenye betri na kwenye sakiti ya kupandisha volteji, ndiyo maana katika matumizi halisi seti moja hutoa mimweko kamili 200 hivi, pengine chini ya hapo. Kwa 1/8, betri zilezile zinaweza kukufikisha kwenye mimweko zaidi ya elfu moja. Haziwi mara nane kamili kwa sababu kioo cha nyuma, redio na taa ya kusaidia fokasi navyo vinakula kidogo kidogo muda wote flashi ikiwa imewashwa.

Seti moja, basi, inaweza kuwa picha 200 au picha 1000. Hakuna betri sokoni inayozidi nyingine kwa tofauti kubwa kiasi hicho.

ISO ni betri

Kila ukipandisha ISO mara mbili, flashi inahitaji nusu ya nishati kutoa mwangaza uleule kwenye picha. Kutoka 100 hadi 400 ni robo. Kutoka 100 hadi 1600 ni moja ya kumi na sita. Tundu la lenzi nalo, ambalo huwa pana zaidi namba ya f ikiwa ndogo, lina kanuni hiyohiyo: kutoka f/5.6 kwenda f/2.8 ni hatua mbili, na kila hatua ni mwanga mara mbili, yaani robo ya nishati. Ukiyaunganisha mawili, mtu anayepiga kwa ISO 1600 na f/2.8 anaitaka flashi sehemu moja ya kumi na sita ya nishati anayoitaka mwenzake kwa ISO 400 na f/5.6, katika ukumbi uleule, umbali uleule.

Watengenezaji hutoa namba elekezi ya kila flashi, ambayo ukiigawanya kwa namba ya tundu la lenzi unapata umbali ambao mwanga kamili utafika. Tuseme flashi ina namba elekezi 36 kwa mita, kwenye ISO 100. Kwa f/4 itafika mita 9. Kundi la watu likisimama mita 4.5 kutoka kwako, nusu ya umbali huo, utahitaji robo tu ya nguvu kwa sababu mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Pandisha ISO hadi 400 na hesabu inashuka hadi 1/16. Pandisha hadi 1600, ni 1/64. Hapo flashi inakuwa kama inacheza tu.

Bado wapo wanaoogopa ISO 1600 kama sumu, hofu iliyobaki tangu enzi za kamera za kidijitali za mwanzo. Kamera za leo, hasa zenye sensa kubwa (kile kibati kinachonasa picha), hutoa picha safi hapo, na mwanga wa flashi wenyewe unaosha chembechembe, zile doa ndogo za ISO kubwa, kwenye uso wa mtu kwa sababu chembechembe hujificha zaidi kwenye giza kuliko kwenye sehemu iliyopata mwanga wa kutosha. Picha ya ISO 1600 iliyopata mwanga sawasawa ni safi kuliko ya ISO 400 iliyotoka giza ukalazimika kuikweza kwenye kompyuta.

Kuna faida ya pili ambayo haihusu betri. ISO ikipanda, na shata ikishuka hadi 1/100 au 1/60 ya sekunde, taa za ukumbi zinaingia kwenye picha. Mapambo yanaonekana, nyuma ya maharusi hakugeuki pango jeusi. Kasi ya shata haibadilishi mwanga wa flashi, mradi hujavuka kikomo cha kamera yako cha kulandana na flashi, yaani kasi ya juu kabisa ambayo sensa yote bado huwa wazi flashi inapowaka, ambacho kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Shata inatawala mwanga wa mazingira tu. Angalia lakini ngoma inapochangamka: shata ya 1/30 kwa watu wanaocheza huacha vivuli vya mwendo pembeni mwa miili. Wengine wanavipenda.

Dari, kuta na jua la mchana

Kugeuza kichwa cha flashi kuelekea darini ndiyo njia ya haraka ya kupata mwanga laini, na ndiyo njia ya haraka ya kumaliza betri ikitumika bila kufikiri. Mwanga unaokwenda juu na kurudi umesafiri mbali zaidi, umetawanyika, na sehemu yake imemezwa na rangi ya dari. Kwa dari nyeupe ya kimo cha kawaida upotevu huwa wa hatua mbili hadi tatu, yaani flashi inafanya kazi mara nne hadi nane zaidi. Inavumilika ukiwa na ISO ya juu. Lakini dari ikiwa ndefu maradufu, nishati inayotakiwa inakaribia mara nne zaidi ya hapo. Dari ikiwa ya mbao au ya kitambaa cha rangi, kinachorudi ni kidogo na kimebeba rangi hiyo, na nyuso zote zinakuwa za kahawia au za zambarau.

Nikiingia ukumbini jambo la kwanza ninaloangalia ni dari, kabla hata ya jukwaa. Ikiwa haifai, natafuta ukuta mweupe wa pembeni. Ukikosekana nao, ni afadhali flashi isimame juu ya stendi karibu na eneo la tukio, ielekezwe moja kwa moja kwa nguvu ndogo, kuliko kuipigisha darini kwa nguvu kamili usiku kucha huku dari ikimeza kila kitu.

Kile kikofia cha plastiki cheupe kinachovishwa juu ya kichwa cha flashi nacho kina mkasa wake. Ndani ya chumba kidogo chenye kuta nyeupe kinafanya kazi, kwa sababu mwanga unaokwenda kila upande unarudi. Uwanjani, au kwenye ukumbi mkubwa, mwanga huo ukienda haurudi. Kimekupunguzia hatua moja au zaidi na kulainisha hakikulainisha, maana ukubwa wa chanzo cha mwanga haukubadilika sana. Ukikiona kimevaliwa kwenye bustani saa sita mchana, ujue kuna betri zinazoteketea bure.

Na saa sita mchana ndipo penye mlaji mkubwa kuliko wote. Jua kali, maharusi wanataka picha yenye mandhari ya nyuma iliyofifia, mpiga picha anafungua lenzi hadi f/2, shata inaruka hadi 1/2000 au zaidi. Hapo kamera imevuka kikomo cha kulandana, kwa hiyo flashi inaingia katika hali ya kasi ya juu: badala ya mmweko mmoja inatoa mfululizo wa mimweko midogo ya haraka sana ili mwanga uwepo muda wote ufa wa shata unapopita mbele ya sensa. Sehemu kubwa ya mwanga huo inagonga pazia la shata na kupotea. Kwa kawaida unapoteza angalau hatua mbili, na kadiri shata inavyozidi kwenda kasi ndivyo upotevu unavyozidi, huku flashi ikimwaga karibu uwezo wake wote. Dakika ishirini za mtindo huo zinaweza kula kuliko saa mbili za ukumbini.

Dawa ya kwanza ni kivuli. Wapeleke maharusi chini ya mti au kwenye baraza, na unaweza usihitaji flashi kabisa. Jua likiwa haliepukiki, waweke walipe mgongo, rudi kwenye 1/250 na ufunge lenzi hadi f/8, kisha sogeza flashi karibu nao. Kusogea kunalipa: kutoka mita 4 hadi mita 2 ni robo ya nishati. Picha za f/2 kwa kasi ya juu zipige chache, zile unazojua zitakwenda ukutani.

Gauni jeupe na suti nyeusi

Flashi ikiwa kwenye TTL, hali ya kupima mwanga kupitia lenzi, kamera inatuma mmweko mdogo wa kupima, inasoma kilichorudi, kisha inaamua nguvu. Mmweko huo wa kupima haugharimu kitu cha maana. Tatizo ni uamuzi. Suti nyeusi ikijaza fremu, kamera inaona giza na kuiambia flashi iongeze. Gauni jeupe likijaza, inaambiwa ipunguze. Harusi ni suti nyeusi na gauni jeupe. Matokeo yake picha zinapishana mwangaza, na zile za suti zimekula nishati mara mbili ya ilivyohitajika ili tu kuuchoma uso wa bwana harusi.

Pale ambapo umbali haubadilikibadiliki, kwa mfano picha za makundi, kukata keki au hotuba, weka nguvu kwa mkono. Jaribu picha moja, rekebisha, halafu usiguse. Unapata mwangaza mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na unajua kila picha inagharimu nini. TTL iache kwa ajili ya kutembea katikati ya watu, ambako umbali unabadilika kila sekunde.

Betri zenyewe

Jambo la kuelewa ni kwamba flashi haitaki tu umeme mwingi, inautaka kwa haraka. Inapojaza kapasita huvuta ampea kadhaa kwa mkupuo. Uwezo wa betri kutoa mkupuo huo unategemea ukinzani wake wa ndani, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita. Betri ya alkalaini, ile ya kutumia na kutupa, huandikwa volti 1.5 na ujazo unaoweza kuzidi 2000 mAh, lakini ujazo huo hupatikana ikitumika taratibu kama kwenye saa ya ukutani. Ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, kwa hiyo flashi ikivuta, volteji inadidimia na sehemu kubwa ya nishati inabaki kuwa joto ndani ya betri yenyewe. Mwanzoni inakwenda vizuri, kisha muda wa kujaza unarefuka picha baada ya picha.

Betri za kuchaji za nikeli, zile zilizoandikwa NiMH, zina volti 1.2 tu, na wengi huziona dhaifu kwa sababu hiyo. Kwenye flashi ni kinyume. Ukinzani wao ni mdogo mara nyingi zaidi, na volteji yake inakaa tambarare karibu hadi mwisho. Ndizo za kutumia. Mwaka 2005 Sanyo ilitoa Eneloop, ambayo ilitatua kero ya zamani ya betri hizi: kupoteza chaji zikiwa zimekaa tu. Za kale ziliweza kupoteza hata robo ya chaji kwa mwezi. Kizazi hiki kipya hubaki na chaji yake nyingi hata baada ya mwaka, na leo kampuni nyingi hutengeneza betri za namna hiyo.

Ujazo mkubwa una gharama yake. Za 2500 mAh huvutia macho dukani, lakini kwa kawaida zinavumilia mizunguko michache ya kuchajiwa kuliko za 2000 mAh, kwa tofauti kubwa. Mpiga harusi wa kila wiki afadhali anunue seti mbili za 2000 kuliko moja ya 2500 na nusu ya matumaini.

Kuhusu AA za lithiamu za kutupa: nyepesi, hazivuji, zinafaa kukaa mwaka mzima kwenye mfuko wa dharura, na kwenye baridi kali ni bora kuliko nyingine zote. Ila zikipata joto kifaa chake cha ulinzi hupunguza mkondo, kwa hiyo usizitegemee kwa mapigo ya haraka. Zile za lithiamu za kuchaji zenye volti 1.5 thabiti nazo zina sakiti ndogo ndani inayoweka kikomo cha mkondo. Kwa triga (kifaa cha redio cha kuwashia flashi kwa mbali) na maikrofoni ni safi, kwa flashi zinasuasua. Na ziko za nikeli na zinki zenye volti 1.6, ambazo hujaza flashi haraka ajabu, na ajabu hiyo ndiyo hatari: flashi nyingi hazikuundwa kwa volteji hiyo, na joto linapanda kuliko mtengenezaji alivyokusudia. Sizitumii.

Njia nyingine ni flashi zenye betri moja kubwa ya lithiamu. Betri ya volti 11.1 na 2000 mAh ina wati-saa 22.2, zaidi ya mara mbili ya seti ya AA, na hujaza flashi kwa sekunde moja na nusu hivi hata kwa nguvu kamili. Kwa mtu anayeanza leo na harusi ndiyo kazi yake, huko ndiko ningemwelekeza. Sharti moja: awe na betri ya akiba ya flashi hiyohiyo, kwa sababu ikizima, duka la jirani halitamwokoa. AA zinapatikana kila mahali. Betri ya umbo maalumu haipatikani Jumamosi usiku.

Wanne wasioachana

Betri nne zinazofanya kazi pamoja zina nguvu ya ile iliyo dhaifu kuliko zote. Na kuna ubaya zaidi: dhaifu ikiisha kabla ya wenzake, hao watatu wanaendelea kusukuma mkondo ndani yake na kuigeuza ncha, chanya ikawa hasi. Betri iliyopitia hayo haiponi. Ndiyo maana kuchanganya mpya na kuukuu, au chapa mbili tofauti, huua betri nzuri kwa ajili ya mbovu.

Chukua kalamu ya wino usiofutika. Seti ya kwanza iandike A kwenye kila betri, ya pili B, na kuendelea, pamoja na mwezi na mwaka wa kununuliwa. Zichajiwe pamoja, zitumike pamoja, zistaafu pamoja. Zibebe kwenye vibweta vya plastiki vya nne nne, zisiachwe zikigongana na funguo mfukoni, kwa sababu chuma kikigusa ncha mbili betri hupata moto kweli. Ndani ya kibweta uwe na alama: ncha chanya juu maana yake imejaa, chini imetumika. Gizani kidole kinasoma bila tochi.

Chaja iwe ile inayosoma kila betri peke yake. Zile zinazochaji mbili mbili hukadiria wastani, moja ikajaa kupita kiasi na nyingine ikabaki njaa, na ukosefu wa ulinganifu unaanzia hapo. Kasi ya wastani inatosha: kwa miliampea 500, betri ya 2000 mAh itachukua saa nne hadi tano. Chaja zinazojisifu kwa dakika kumi na tano hupika betri. Chaji jioni ya kabla ya harusi, si wiki mbili kabla.

Kupima kwa voltimita hakusaidii sana, kwa sababu betri ya NiMH iliyo nusu na iliyo karibu kujaa hutofautiana kidogo mno. Kipimo cha kweli ni chaja yenye hali ya kutoa chaji yote na kuhesabu kilichotoka. Ya 2000 inayotoa 1400 ihamishie kwenye rimoti au triga pamoja na seti yake. Na kabla hujailaumu betri, angalia vibati vya ndani ya flashi: uchafu na kutu huongeza ukinzani sawa na betri mbovu. Kitambaa kikavu kwanza, kisha tone la spiriti.

Lini ubadilishe

Usisubiri flashi igome. Ukisubiri, itagoma wakati wa kuvishana pete, maana wakati huo ndipo unapopiga mfululizo. Badilisha kwenye utulivu kabla ya tukio lisilorudiwa, hata kama seti iliyomo haijaisha: kabla ya maharusi kuingia ukumbini, kabla ya keki, kabla ya muziki. Seti iliyotumika nusu itafaa baadaye kwenye hotuba.

Sikio ni kipimo kizuri. Mluzi wa kujaza ukianza kuchukua muda karibu mara mbili ya ule wa betri nzima, muda umefika. Usiiamini sana ile taa ya kuonyesha flashi iko tayari. Kwenye flashi nyingi huwaka kapasita ikiwa karibu kujaa tu, na ukifyatua papo hapo kwa nguvu kubwa picha hutoka pungufu kidogo, halafu unailaumu TTL.

Wakati mwingine kinachogoma ni joto, na betri zimejaa tele. Mapigo mengi ya nguvu kubwa kwa mfululizo hupasha kimirija na plastiki ya mbele, na flashi zenye ulinzi huanza kuchelewesha kujaa kwa makusudi, au huzima kabisa kwa dakika kadhaa. Kubadilisha betri hapo ni kupoteza muda. Shusha nguvu, pandisha ISO, au chukua flashi ya pili. Flashi isiyo na ulinzi haikuonyi. Utaona plastiki ya mbele imekuwa ya hudhurungi. Ikifikia hapo, na hata ikiwa imekufa, usiifungue mwenyewe. Kapasita huweza kubaki na volti mia tatu hata betri zikiwa zimetolewa, na umeme huo unaua.

Flashi mbili kwa 1/8 hutoa mwanga wa flashi moja kwa 1/4, lakini kila moja inajaza haraka zaidi, inapata joto kidogo, na moja ikifa nyingine inabaki. Kwa ukumbi mkubwa ningechukua mbili za wastani juu ya stendi moja kabla ya moja kubwa.

Mlaji asiyeonekana

Flashi zilizosimama pembeni mwa ukumbi zikiongozwa na triga za redio hufanya kazi kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya waifai na bluetooth, kwa hiyo mapigo yanayoruka si lazima yawe ya betri. Badilisha chaneli kwanza. Na ikiwa mpiga picha mwingine ana vifaa vya chapa yako kwenye chaneli yako, kila akipiga yeye, flashi zako zinawaka. Utashangaa betri zinaisha hujagusa kitu. Mifumo mingi ina namba ya kitambulisho kwa ajili hiyo. Ibadilishe toka ile ya kiwandani kabla ya kufika. Hali ya kuwashwa na mwanga wa flashi nyingine ni mbaya zaidi, maana flashi yako itaitikia kila mgeni mwenye kamera yenye flashi ya xenoni. Simu haziiamshi kwa kawaida, taa zake ni za LED.

Angalia pia muda wa flashi kulala. Ya juu ya kamera iache ilale, huamka ukigusa shata. Zilizo kwenye stendi zizuie zisilale ikiwa haziamshwi na triga yako, ila uzizime mwenyewe wakati wa chakula. Na taa ndogo ya LED ya kuonyeshea mwelekeo, kama ipo, izime. Hiyo haina mmweko, inakula tu.

Triga nayo ina betri zake, nazo husahaulika kuliko zote. Flashi tatu zenye chaji kamili hazina msaada mkononi mwa mtu ambaye triga yake imezima.

Baada ya harusi

Ukisafiri kwa ndege, betri za lithiamu za akiba hupandishwa kwenye mzigo wa mkononi, hazikubaliwi kwenye sanduku la kupakiwa chini, na ncha zake ziwe zimefunikwa. Zisizozidi wati-saa 100 kwa kawaida hazihitaji kibali. Ile ya flashi yenye 22.2 iko mbali na kikomo hicho. Lithiamu iliyovimba haisafiri na haichajiwi, inapelekwa mahali pa kukusanyia taka za betri.

Kama harusi inayofuata iko mbali, betri kubwa za lithiamu zihifadhi zikiwa na takriban nusu ya chaji, mahali pasipo na joto, kwa sababu kukaa zimejaa kwa miezi huzizeesha. Za NiMH zitoe ndani ya flashi. Saa nyingine huvuja, na kilichovuja hula vibati. Flashi yenyewe iwashe mara moja kwa miezi kadhaa, iache ijae, ipige mara chache kwa nguvu kamili, maana kapasita iliyokaa bila umeme muda mrefu hupoteza hali yake na mara ya kwanza huchelewa kujaa. Wakati wa kugundua hilo ni nyumbani, siku mbili tatu kabla, ukiwa na chaja karibu na muda wa kutafuta flashi nyingine.